Kompyuta ya Tawi Nayo Yataka Kuangaliwa



Kompyuta ya ofisi ya tawi letu hapa Malaba, mpakani, ni kuukuu. Tuliinunua ikiwa imekwisha tumika kwingine, tukaiwekea Ubuntu kwa sababu haidai ada ya leseni. Ndani yake mna daftari la wanachama: majina ya madereva na utingo wa malori, na michango yao ya kila mwezi. Mwajiri akikana kwamba fulani ni mwanachama, daftari hilo ndilo shahidi wetu. Kwa hiyo habari hii si ya mafundi peke yao.

Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004. Ndiyo programu inayoendesha kompyuta nzima, na maandishi yaliyoiunda yako wazi, kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma na kuyarekebisha. Likionekana tundu la kupitia mwizi, watengenezaji hutoa kiraka bure. Lakini kiraka kilichobaki ghalani hakizibi tundu la kwetu. Tena mwizi naye husoma tangazo la kiraka, akajua pa kupenya kwa wale ambao hawajakitia.

Hapo ndipo tulipokosea. Tuliogopa kumaliza bando, tukaahirisha miezi na miezi. Siku tulipokubali, mzigo ulikuwa mkubwa, betri ilikuwa imekufa, na umeme ukakatika kazi ikiwa nusu. Kompyuta iligoma. Fundi aliifufua kwa amri ya sudo dpkg --configure -a, ambayo humalizia kazi iliyokatika. Mtunza hazina alikuwa na nakala ya daftari kwenye flashi. Bila yeye, tungelala macho usiku ule.

Sasa tunafanya kila Ijumaa. Kwanza tunanakili daftari kwenye flashi na kuitoa. Betri (tulinunua nyingine) iwe imejaa. Kisha tunafungua dirisha la amri na kuandika sudo apt update, ambayo huuliza kuna nini kipya, halafu sudo apt upgrade, ambayo hukileta na kukiweka. Itakuomba neno la siri, na herufi hazionekani unapoandika. Usidhani kibodi imeharibika, kama tulivyodhani sisi. Mzigo wa wiki moja kwa kawaida ni mdogo kuliko wa miezi sita iliyolimbikizwa. Mara moja kwa mwezi tunaongeza sudo apt autoremove, ifagie vipande visivyohitajika tena, ambavyo hujaza diski. Ikikuambia uizime na kuiwasha upya, fanya hivyo, kwa maana viraka vingine havianzi kazi mpaka hapo.

Liko pia jambo la toleo. Matoleo ya kudumu ya Ubuntu hutoka Aprili kila baada ya miaka 2, na hupewa viraka vya kawaida kwa miaka 5. Toleo 20.04 lilifikia mwisho wa viraka hivyo mwaka 2025, la 22.04 lina hadi 2027, na la 24.04 hadi 2029. Ukiandika lsb_release -a utaliona la kwako. Aliye na 20.04 hawezi kuruka hadi 24.04, sharti apitie 22.04 kwanza.

Matawi yenye 20.04 yalete kompyuta zao ofisini kwetu, pamoja na flashi yenye nakala ya daftari. Njooni asubuhi, kabla umeme haujaanza mchezo wake.