Injini Yaunguruma, Magurudumu Hayavuti: Namna ya Kuchunguza Trekta la Mkono Lililozeeka

Miche ya mpunga haimsubiri mtu. Ikitimiza majuma matatu hivi huwa tayari kuhamishiwa shambani, na ikicheleweshwa mno huzeeka kitaluni na kutoa machipukizi machache. Kwa hiyo, siku trekta la mkono linaposhindwa kuvuruga tope, hasara haiko katika mashine peke yake. Imo katika zamu ya maji inayopita bila kutumika, na katika magunia ambayo hayatavunwa.

Matrekta hayo, ambayo wengi huyaita pawatila, yalienea nchini Tanzania hasa baada ya kutangazwa kwa Kilimo Kwanza mwaka 2009. Yale ya wakati ule yaliyobaki kazini sasa yana umri mkubwa, na lalamiko la kawaida kwa mashine ya umri huo ni moja: injini yaunguruma vizuri, lakini trekta halivuti.

Hapo ndipo chama kinapoweza kupoteza fedha nyingi kwa sababu ndogo. Dereva husema injini imechoka, fundi huitwa, injini hufunguliwa, ringi na pistoni mpya hununuliwa, kisha trekta hurudi shambani likiwa na udhaifu ule ule. Nguvu ilikuwapo tangu mwanzo, ila ilikuwa ikipotea njiani kabla ya kufika kwenye magurudumu. Yafaa basi kila katibu na kila mwanachama aijue njia hiyo, ili fedha ya chama isitumike kabla ya ubovu kujulikana.

NJIA YA NGUVU

Trekta la mkono la kawaida lina injini ya dizeli ya silinda moja. Puli ya injini huzungusha mikanda miwili, mitatu au minne, kwa kadiri ya aina ya mashine. Mikanda huzungusha puli ya klachi. Klachi hupeleka nguvu kwenye giaboksi. Na kutoka humo nguvu hugawanyika kwenda kwenye ekseli ya kulia na ya kushoto, hadi kwenye magurudumu. Mfano wake ni mfereji wa maji: kingo zikivuja njiani, shamba la mwisho hukauka hata kama mtoni maji ni tele. Mwenye busara hukagua mfereji kabla ya kuulaumu mto.

DALILI TATU

Kabla ya kushika spana, trekta lifanyishwe kazi yake ya kawaida kwa dakika chache, na mtu wa pili asimame mbali kidogo akitazama na kusikiliza.

Ikiwa sauti ya injini inashuka, moshi mweusi unatoka na injini inakaribia kuzimika, basi mzigo umeizidi nguvu. Huenda jembe limezamishwa mno, chujio la hewa limeziba, au injini yenyewe ina kasoro.

Ikiwa sauti ya injini haibadiliki na magurudumu yanazunguka upesi pale pale bila trekta kusogea, nguvu inafika vizuri. Kinachokosekana ni mshiko wa ardhi.

Ikiwa sauti ya injini haibadiliki, au hata inapanda, lakini magurudumu yanapunguza mwendo au kusimama, basi kuna mahali panapoteleza kati ya injini na magurudumu. Hii ndiyo dalili ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni uchovu wa injini, na kumbe sivyo.

MIKANDA

Uchunguzi uanzie kwenye mikanda, kwa kuwa ndiyo rahisi kuifikia na nafuu kuitengeneza. Injini izimwe kabisa kabla ya kifuniko cha mikanda kuondolewa. Vidole vingi vimepotea kwa kupuuza sharti hili.

Mkanda ubonyezwe kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Kwa kawaida hushuka kiasi cha sentimita 2 hivi, ingawa kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa katika kitabu cha mashine. Ukilegea zaidi, bolti zinazoishikilia injini kwenye fremu hulegezwa, injini husogezwa mbele kidogo kwa bolti ya kukazia, kisha zote hufungwa tena. Mkanda usikazwe kupita kiasi, kwa maana mkanda uliokazwa mno huua beringi. Baada ya kukaza, uzi unyooshwe ubavuni mwa puli zote mbili kuhakikisha kuwa ziko katika mstari mmoja.

Mkanda wa aina hii hushika kwa mbavu zake, wala si kwa tumbo lake. Ukionekana umezama hadi chini ya mfuo wa puli, na chini ya mfuo pamekuwa pakavu na kung'aa, mkanda umekwisha na kukaza hakutausaidia. Mkanda uliolowa oili ufutwe, na mvujo wa oili utafutwe na kuzibwa. Desturi ya kupaka lami au sabuni ili mkanda ushike haifai, kwani huuharibu upesi zaidi.

Mikanda ibadilishwe yote kwa pamoja. Mmoja mpya ukitiwa kati ya mizee, huo mpya hubeba mzigo wote peke yake na kuchakaa kabla ya wakati wake.

KLACHI

Mikanda ikiwa mizima na bado nguvu inapotea, klachi ichunguzwe. Tofauti yake hujulikana hivi: mikanda inapoteleza, puli ya klachi hupunguza mwendo huku ya injini ikienda, na mara nyingi husikika mlio mkali. Klachi inapoteleza, puli zote mbili huzunguka upesi lakini magurudumu hulegea, nyumba ya klachi huwa ya moto, na harufu ya kuungua hutoka.

Ubovu wa kwanza wa kutafuta ni marekebisho. Klachi ikiwa imeshika, pawepo nafasi ndogo, kwa kawaida isiyofikia milimita 1, kati ya beringi ya kusukumia na vidole vya klachi. Sahani zinapolika, nafasi hiyo hupungua hadi kwisha, na klachi hubaki kama iliyokanyagwa nusu saa zote. Nati ya kurekebishia ikizungushwa kwa kufuata kitabu, nguvu yaweza kurudi bila senti moja kutumika.

Ikiwa marekebisho hayakusaidia, sahani zimelika au zimelowa oili kutoka giaboksi. Hapo fundi ahitajiwe, naye abadilishe pia sili inayovujisha. La sivyo, sahani mpya zitalowa kama zile za kwanza.

VISHIKIO VYA KUGEUZIA NA GIA

Trekta likivuta upande mmoja huku likigonga kwa ndani, vitazamwe vishikio vidogo vya kugeuzia vilivyo chini ya mikono. Kila kimoja hukata nguvu ya gurudumu la upande wake. Waya wake ukishika kutu au ukikazwa mno, kishikio hakirudi sawasawa, na meno ya gia hushikana nusu nusu. Waya utiwe oili na ulegezwe kidogo. Jambo hili lisicheleweshwe, kwani meno yanayogongana hatimaye hukatika, na giaboksi ni ghali.

MAGURUDUMU

Mwisho, bolti zinazoshika gurudumu kwenye ekseli zikaguliwe. Zikikatika, ekseli huzunguka ndani ya gurudumu lililosimama. Tairi iliyolika meno haishiki ardhi, na kwenye tope la mpunga hata tairi nzima hushindwa. Huko hutumika magurudumu ya chuma.

MASHINE ZA KUKATIA NYASI

Vyama vyenye mashine ya kukatia nyasi inayojiendesha, kwa ajili ya viwanja vya ofisi na maghala, vyaweza kufuata utaratibu huo huo. Inapoanza kusuasua mlimani, kwanza utazamwe waya wa mkono wa kuendeshea, ambao hurefuka kwa umri na huwa na nati ya kuukazia. Pili, mkanda ulio chini. Tatu, gia ndogo zilizo ndani ya magurudumu katika mashine nyingi za aina hiyo, ambazo hulika meno au kujaa majani.

WAJIBU WA KATIBU

Utunzaji wa mashine ya chama ni utunzaji wa mali ya wanachama, na mali huhitaji kumbukumbu. Katibu afungue daftari la trekta, liandikwe tarehe, saa za kazi, ubovu ulioonekana, kilichofanyika na gharama yake. Fundi anapotaka kufungua injini au giaboksi, atakiwe kwanza kueleza kwa maandishi kwamba mikanda, marekebisho ya klachi na nyaya vimekwisha kukaguliwa, na matokeo yake. Vipuri vya zamani virudishwe ofisini kabla ya malipo, ili wanachama na wakaguzi wa hesabu waone kilichobadilishwa.

Mikanda inunuliwe kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwake, si kwa kukadiria kwa macho. Na seti moja ya akiba iwekwe ghalani kabla ya msimu kuanza. Bei ya seti hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya kufungua injini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Chama kinachokagua mkanda wakati kitalu kingali kichanga hakitalazimika kutafuta fundi siku miche iko tayari na maji yako shambani.