Wimbi Huoshwa Mara Ngapi?

Kabla wimbi halijapelekwa kisiagi, huku Kenyenya, Kisii, huoshwa kwanza. Mama anamimina punje kwenye sufuria pana, anaongeza maji na kukoroga kwa kiganja. Makapi yanaelea, anayaengua. Kisha anaiinamisha sufuria polepole na kuitikisa, punje ziteleze pamoja na maji hadi kwenye karai lililo pembeni. Mchanga ni mzito, kwa hiyo unabaki chini. Anaupapasa kwa kidole, anaumwaga, anaanza upya. Mara tatu, mara nne, mara tano, mpaka kidole kisiguse chembe yoyote. Wimbi hupurwa chini, juu ya udongo uliosiribwa, na hakuna anayesahau ugali uliomkwaruza meno mbele ya wageni.

Nilikuwa nikiitazama kazi hiyo siku ambayo binti wa boma hilo, aliyekuja likizo kutoka Nairobi, alisema yeye ameacha nafaka kabisa. Amejifunza kwenye simu mambo ya ulaji safi: mboga, matunda, mayai, samaki, parachichi. Ugali, chapati na uji haviruhusiwi, eti nafaka huchafua tumbo na kunenepesha. Nyanya yake, magokoro kama wanavyomwita wajukuu, hakubishana naye. Aliinua mkono uliojaa punje nyekundu zinazochuruzika maji, akamwuliza: "Mjukuu wangu, ni wimbi lipi ulilowahi kulikuta chafu katika nyumba hii?"

Swali lile lilinikaa. Anayesema chakula ni kichafu anadaiwa aonyeshe uchafu wenyewe uko wapi.

Tuanze na lawama yenyewe inakotoka. Mwaka 2011 daktari wa moyo wa Marekani, William Davis, alitoa kitabu kilichoishtaki ngano, na kikauzwa sana. Tangu hapo kuogopa nafaka kumekuwa kama dini kwa baadhi ya watu. Kinachotajwa zaidi ni gluteni, protini inayoufanya unga wa ngano uvutike. Ipo pia kwenye shayiri na kwenye rai, nafaka ya nchi za baridi. Upo ugonjwa wa kweli, uitwao siliaki, unaomfanya mtu aumizwe utumbo na gluteni hata kwa kiasi kidogo. Duniani unakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 100, na mgonjwa wa aina hiyo hana budi kuiacha ngano maisha yake yote. Lakini wimbi halina gluteni. Mtama hauna, mahindi hayana, mchele hauna. Mashtaka ya mkate wa Marekani yamesafiri hadi kwenye obokima, ugali wa Abagusii, bila mtu kuuliza kama mshtakiwa ni yuleyule.

Sasa tuichukue punje yenyewe. Kila nafaka ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, lenye nyuzi ambazo tumbo halisagi, pamoja na madini. Ndani pembeni kuna kiini, ambacho ndicho mche wa kesho, kikiwa na mafuta na vitamini. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga, akiba ya chakula cha mche huo. Viwanda vikubwa vya unga huondoa ganda na kiini na kutuuzia wanga mweupe. Si kwa nia mbaya: mafuta ya kiini yakishasagwa huvunda, unga ukaingia uchungu baada ya wiki chache. Unga usio na kiini hukaa dukani miezi. Faida ni ya ghala, hasara ni ya mlaji. Serikali ya Kenya iliitambua hasara hiyo, na tangu 2012 sheria inawalazimu wasagaji kuurudishia unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, madini ya chuma na zinki, vitamini A na vitamini kadhaa za kundi B. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo, nyuzi hazirudishwi.

Hapa ndipo wimbi linapojitenga na nafaka nyingine, na sababu yake inanifurahisha kila ninapoifikiria: ni dogo mno. Punje elfu moja hazifikishi gramu 4. Ganda lake jembamba limegandana na wanga kiasi kwamba kulikoboa kama mahindi ni kazi isiyolipa. Kwa hiyo wimbi, tangu zama za jiwe la kusagia hadi kisiagi cha dizeli pale sokoni, huliwa zima. Udogo huohuo unalilinda ghalani. Fukusi hutaga yai ndani ya punje ili kiluwiluwi kikue humo, na punje ya wimbi haina nafasi ya kulea kiluwiluwi. Likikaushwa vizuri hukaa miaka mingi bila dawa, ndiyo maana wazee walilihesabu kuwa akiba ya njaa. Tena gramu 100 za wimbi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisiamu, wakati kiasi kilekile cha maziwa ya ng'ombe kina 120 hivi, na cha mahindi hakifiki 20.

Nafaka hii si ya kuazima. Wanaakiolojia na wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba ililimwa kwanza kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, maelfu ya miaka iliyopita, kisha ikavuka bahari hadi India, ambako leo inaliwa na mamilioni ya watu. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii hii, kwa pendekezo la India. Najiuliza kwa nini pendekezo halikutoka kwetu.

Katika eneo hili la Gusii kuna ushahidi mwingine, wa zamani kidogo, ambao wengi hawaujui. Mwanzoni mwa 1929 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha ripoti ya daktari aitwaye C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini, wilaya ambayo makao yake makuu yalikuwa Kisii. Alipima shinikizo la damu la watu wapatao 1,000 na kukuta kwamba, tofauti na Wazungu, halikupanda kadiri umri ulivyosogea. Baada ya umri wa miaka 40 lilielekea kushuka. Katika muda wa miaka miwili hospitali yake ililaza wagonjwa wapatao 1,800, na hakumkuta hata mmoja aliyelazwa kwa shinikizo la juu la damu. Watu wa wilaya hiyo wakati huo walikula wimbi na mtama, mboga za kienyeji, maziwa, nyama mara mojamoja. Nafaka ilikuwa sehemu kubwa ya chakula chao cha kila siku.

Lazima niseme wazi ushahidi huu unafika wapi. Hauonyeshi kwamba wimbi peke yake liliwakinga. Watu hao walitembea sana, walilima kwa jembe, walikula chumvi kidogo, hawakuwa wanene. Donnison mwenyewe aliona chanzo cha ugonjwa ni msongo wa maisha ya kisasa. Daktari mwingine, Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka huohuo wa 1929 na baadaye kufundisha udaktari Uganda kwa miaka mingi, aliishuku chumvi, na akaushuku unga uliokobolewa. Pamoja na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alihariri mwaka 1975 kitabu kilichoifanya dunia ianze kujadili nyuzi za chakula kwa uzito. Lakini jambo moja ripoti ile ya Donnison inalikataa kabisa: kwamba kula nafaka kila siku ni lazima kumletee mtu maradhi. Mwaka 2015, Kenya ilipopima watu wake nchi nzima, karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Nafaka tulikuwa nayo zamani na tunayo leo. Kilichobadilika ni namna inavyosagwa, na kinacholiwa na kufanywa pembeni yake.

Utafiti wa karibuni unaelekea upande huohuo. Mwaka 2019 Andrew Reynolds, Jim Mann na wenzao wa New Zealand walikusanya matokeo ya tafiti 185 zilizofuatilia watu kwa muda mrefu na majaribio 58, kwa ombi la Shirika la Afya Duniani. Waliokula nyuzi nyingi walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 kuliko waliokula kidogo, na faida ilionekana zaidi kwa gramu 25 hadi 29 kwa siku. Nyuzi hizo hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria huzichachusha na kutoa asidi zinazolisha kuta za utumbo. Tumbo wanalodai limechafuliwa na nafaka nzima ndilo linalolishwa nayo.

Uchafu wa kweli wa nafaka upo, tena unaua. Mwaka 2004 watu 317 waliugua ini huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, na 125 kati yao wakafa. Walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao yaliyooza kwa ukungu utoao sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani na haina ladha, na kupika ugali hakuimalizi. Sheria ya Kenya hairuhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumu hiyo katika kilo moja ya mahindi. Hili linatuhusu sana hapa Kisii, kwa maana mvua yetu haina likizo ndefu. Mahindi yanavunwa mawingu yakiwa juu, yanaanikwa chini, yananyeshewa, yanaanuliwa, yanaanikwa tena. Yakiingizwa gunia yakiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 13.5, ukungu umepewa nyumba. Turubai, sakafu iliyoinuliwa na subira ya siku chache zaidi za jua vinaokoa ini kuliko mafunzo yote ya kwenye simu.

Kwa sababu hiyohiyo siuamini unga wa uji wa michanganyiko saba au kumi, wenye njugu karanga na omena ndani, unaosagwa kwa wingi na kukaa kabatini. Karanga hushambuliwa na ukungu huohuo, na mafuta yake huvunda haraka. Ni heri mama asage wimbi peke yake, au pamoja na mtama kidogo, kisha karanga nzima aliyoichambua kwa macho yake aipondee uji siku ya kuupika.

Nafaka nzima nayo ina kasoro yake. Gandani mna fitati, kemikali inayoyakamata madini ya chuma, zinki na kalisiamu yasifyonzwe. Ndiyo maana namba nzuri nilizotaja za wimbi haziingii zote mwilini. Lakini dawa yake ilijulikana jikoni kabla ya maabara. Unga ukilowekwa uchachuke siku moja au mbili kwa ajili ya erongori, yaani uji, ile hali ya uchachu hukiamsha kimeng'enya kinachoivunja fitati. Kuotesha nako husaidia: wimbi linalowekwa usiku kucha, linafunikwa kwa majani ya mgomba hadi litoe vijimizizi, linaanikwa na kusagwa. Hicho ni kimea. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe Tanzania walionyesha kwamba kijiko cha unga wa kimea kikitiwa kwenye uji mzito wa mtoto, uji unalainika ndani ya dakika chache, kwa hiyo kikombe kilekile kinaweza kubeba unga mwingi zaidi bila kumkaba mtoto.

Kuna desturi moja tuliyonayo ambayo ningependa iachwe. Sisi ni watu wa chai, na tunainywa juu ya chakula, hata watoto. Chai huyazuia madini ya chuma ya nafaka na mboga yasifyonzwe. Isubiri saa moja. Mahali pake weka pera au chungwa, kwa sababu vitamini C hufanya kinyume chake.

Wenye kisukari nao wanastahili kuambiwa ukweli. Ugali wa wimbi ni wanga, na uji wa unga laini uliotiwa vijiko vinne vya sukari utapandisha sukari ya damu hata kama wimbi limeoshwa mara kumi. Kipande kidogo cha obokima, mboga kama chinsaga au rinagu nusu ya sahani, na maharagwe au samaki pembeni: hicho ni chakula ambacho kliniki nyingi zitakikubali.

Kinachonisikitisha zaidi ni shamba. Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba, na kipande alichorithi mtu hakitoshi majaribio. Mahindi chotara, yaliyoanza kutolewa Kitale mwaka 1964, yanajaza gunia upesi. Wimbi linataka kupaliliwa kwa mkono, mtu amechuchumaa, maana gugu la jamii yake linafanana nalo hadi linapochanua. Lina ugonjwa wa ukungu unaokausha masuke, na ndege hawalionei huruma. Mbegu zinazostahimili zaidi zipo, kama P-224, lakini mgongo wa anayepalilia ni uleule. Ndiyo sababu gorogoro ya wimbi sokoni ina bei inayozidi ya mahindi, na kijana wa Nairobi anaona mkate ni rahisi zaidi.

Kwa hiyo, msomaji, wimbi ukilipata, linunue kwa yule mama anayelima hapa kwetu. Lioshe hadi kidole kisihisi mchanga, lianike hadi likauke kabisa, na usage la wiki mbili tu kwa safari moja. Mahindi ukiyapeleka kisiagi, mwambie msagaji asiyakoboe.