Kidonda Kinapona, Sungura Anakufa

Sungura aliyeng'atwa na mbwa mara nyingi hafi kwa meno ya mbwa. Hufa siku mbili tatu baadaye, kidonda kikiwa kimeanza kukauka na mwenyewe akijipa moyo kwamba hali inatengemaa. Ukiuliza anakula nini, utajibiwa: "Hajala tangu juzi, daktari, tumemwacha apumzike." Mbwa akikataa chakula siku moja baada ya kuumia, mtu anaweza kuvumilia na kusubiri. Sungura akipitisha saa 12 bila kula ni dharura, na akifika saa 24 maisha yake yamo hatarini.

Sababu iko tumboni. Sungura ameumbwa kula karibu muda wote, na utumbo wake huendelea kusukuma kwa sababu nyuzi za majani zinaingia mfululizo. Mwanzoni mwa utumbo mpana ana mfuko mkubwa ambamo bakteria huchachusha majani, na humo hukaa karibu asilimia 40 ya vyote vilivyomo kwenye njia ya chakula. Anapoumia, maumivu na hofu huamsha adrenalini, nayo hupunguza mwendo wa utumbo hadi ukaribie kusimama. Maji hufyonzwa, chakula kilichobaki kinakauka na kushikana, gesi inajaa. Gesi nayo inauma, na maumivu hayo mapya yanazidi kuufunga utumbo. Kutapika hawezi. Wakati huohuo mwili uliokosa chakula huanza kuyeyusha mafuta na kuyapeleka kwenye ini, ndiyo maana sungura mnene, yule ambaye watoto wamemzoesha mkate na biskuti, huzidiwa upesi kuliko mwembamba.

Nikiletewa sungura aliyeumia, baada ya kuhakikisha anapumua vizuri na havuji damu, swali langu la kwanza ni: amepata choo? Sungura mzima hudondosha vinyesi vya mviringo vya ukubwa wa dengu, vikavu kiasi, na ukivipasua ndani utaona nyuzi za majani. Utumbo ukianza kuzembea, vinakuwa vidogo, vyeusi, vigumu, vyenye maumbo yasiyofanana, kisha vinakoma. Fagia banda jioni ili asubuhi ujue kilichotoka usiku. Mtazame pia anavyokaa. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, hivyo huficha maumivu hadi ashindwe: hujikunja pembeni, macho nusu wazi, analiminya tumbo sakafuni, na ukisogeza sikio utasikia anasaga meno kwa nguvu. Kusaga kwingine, kwepesi, anakofanya akipapaswa kichwani, ni dalili ya raha. Ukishazoea hutazichanganya sauti hizo mbili.

Sasa tuingie kwenye tiba, na hapa nina msimamo ambao baadhi ya wafugaji hawaupendi: dawa ya kwanza ya sungura aliyeumia ni ya maumivu, hata kabla ya ile ya kidonda. Daktari wa mifugo anaweza kumpa meloksikamu kwa kipimo cha sungura, pamoja na maji ya kuchoma chini ya ngozi, kwa kuwa dawa hiyo ikikuta mwili umekauka inaweza kuumiza figo. Diklofenaki na ibuprofeni zilizobaki kwenye droo usimpe kabisa.

Hatari kubwa zaidi ni kapsuli za amoksilini. Kila nyumba inazo, na kila jirani anajua jinsi ya kuzifungua na kuchanganya unga wake na maji. Penisilini na ndugu zake, zikipitia mdomoni, huua bakteria wema wa ule mfuko na kuwapa nafasi wale wanaotoa sumu. Sungura anaharisha, anapoa, anakufa, na lawama inabaki kwa mbwa. Ziko antibayotiki anazozimudu, mfano enrofloksasini, lakini mwachie daktari achague. Dawa ya viroboto yenye fipronili nayo, ambayo watu humpulizia ili kufukuza inzi, ni sumu kwake.

Inzi wenyewe si wa kupuuzwa. Katika joto letu mayai yao huanguliwa ndani ya siku moja, na funza huingia nyamani. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kagua asubuhi na jioni, na tandika chandarua juu ya banda. Meno ya mbwa huacha tundu dogo juu na uharibifu mkubwa chini ya ngozi, kwa hiyo tundu dogo lisikudanganye. Akiburuta miguu ya nyuma, mbebe juu ya ubao au ndani ya boksi bila kumkunja, maana huenda uti wa mgongo umevunjika. Ile kola ya plastiki wanayofungwa mbwa shingoni naikwepa kila ninapoweza. Sungura hula choo chake laini moja kwa moja kutoka mkunduni ili apate vitamini na protini, na kola inamzuia. Wengine wakifungwa tu hawagusi chakula tena.

Kabla ya kumlisha kwa nguvu, lishike tumbo. Likiwa limewamba ghafla, naye amepoa na kulegea, usimpe kitu. Huenda utumbo umeziba kabisa, na kila unachoongeza kinamsogeza karibu na kupasuka. Mkimbize kwa daktari. Hata kliniki isiyo na mashine ya eksirei inaweza kupima sukari ya damu. Utafiti wa Frances Harcourt-Brown wa Uingereza, uliochapishwa 2012, ulionyesha kwamba sukari inayopita milimoli 20 kwa lita huendana na hali mbaya kama utumbo ulioziba.

Tumbo likiwa laini, loweka pelleti za sungura katika maji ya vuguvugu hadi ziwe uji unaopita kwenye bomba la sindano lililotolewa sindano. Mfunge kwa taulo, akae kwa miguu yake, usimlaze chali. Ingiza ncha kando ya mdomo, kwenye pengo lililo nyuma ya meno ya mbele, na usukume kidogo kidogo, mililita moja, ukisubiri ameze. Kwa kila kilo ya uzito lenga mililita 10 hadi 15 kwa mlo, mara nne au tano kwa siku. Baina ya milo mwekee karibu na pua ukoka mbichi, matembele, mchunga, kotimiri, na nyasi kavu kwa wingi. Harufu huamsha hamu pale ambapo pelleti kavu zimeshindwa. Masikio yakiwa baridi, mwekee ubavuni chupa ya maji ya vuguvugu iliyoviringishwa kitambaa, lakini asikae chini ya bati la mchana wa Januari, kwa sababu sungura hatoki jasho na joto linaweza kummaliza kabla ya njaa.

Vinyesi vya kwanza vikirudi vitakuwa vibaya: vidogo, vyenye ute, pengine vimeungana kwa manyoya. Vipokee kwa furaha, ila usiache uji siku anapotafuna jani la kwanza. Upunguze mlo mmoja mmoja kadiri choo kinavyorudi kwenye ukubwa wake, mpime uzito kila siku kwenye mizani ya jikoni, na dawa ya maumivu aendelee nayo hadi siku aliyopanga daktari, hata kama tayari anarukaruka uani.