Alama ya D Haifungi Mlango wa Chuo cha Biashara

Kila mwanzo wa mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, nyumba nyingi huingiwa na simanzi. Iwe Lugoba, kando ya barabara iendayo Segera, au Manzese jijini Dar es Salaam, kijana aliyetamani kusomea uhasibu huona daraja la nne akakata tamaa. Mzazi naye hutamka mbele ya jirani: "Huyu amefeli." Ndugu msomaji, kabla ya kutamka neno hilo, shika kalamu uhesabu.

Katika mtihani huo, D ni alama 30 hadi 44, nayo ni ufaulu. F ndiyo kuanguka. Kijana mwenye D nne na F tatu katika masomo saba hupata pointi 31, yaani daraja la nne. Lakini D nne katika masomo yasiyo ya dini ndicho kiwango cha chini ambacho kwa kawaida hutakiwa kwa mwombaji wa cheti cha awali katika vyuo vya ufundi na taaluma. Yafaa kusoma masharti ya kozi yenyewe, kwani nyingine hudai ufaulu wa somo maalumu.

Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1965 ili taifa changa lipate wataalamu wake wa biashara, hufundisha ngazi hiyo ya cheti. Mhitimu wake huweza kuendelea na stashahada, na akifanya vizuri huomba shahada. Njia hii ni ndefu, lakini kila hatua humpa kijana nafasi mpya ya kuonyesha uwezo wake.

Je, kama Hisabati ndiyo iliyomwangusha? Si lazima arudie masomo yote. Aweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia somo alilopungukiwa. Lakini kurudia mtihani bila kurudia msingi ni kupoteza ada. Kijana anayeuza mananasi ya Kiwangwa na kurudisha chenji bila kukosea si mjinga wa hesabu. Huenda alipotea kwenye sehemu, asilimia au uwiano. Aanzie hapo, maana hayo ndiyo atakayoyatumia kila siku katika vitabu vya hesabu za biashara.

Iko njia moja ya kuikataa kabisa, nayo ni kununua cheti cha kughushi. Uhakiki uliotangazwa Aprili 2017 ulibaini watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya namna hiyo. Waliondolewa kazini, na familia zao zikabaki bila mshahara. D ya halali ina thamani kuliko A ya kununua.

Wazazi, jioni hii kaeni na kijana wenu. Orodhesheni masomo aliyofaulu, linganisheni na masharti ya chuo, kisha pangeni kama ataomba sasa au atarudia somo kwanza. Siku akiulizwa chuoni kuhusu alama zake, asilete visingizio. Aeleze alipopungukiwa, na aonyeshe alichokwisha kufanya kujaza pengo hilo.