Shakwe mmoja, klabu mbili: Nani ana ndege halisi wa Treijtel?

MAKIPA wengi hukumbukwa kwa penalti walizopangua au kwa mabao ya kizembe waliyofungwa. Eddy Treijtel wa Uholanzi anakumbukwa kwa ndege.

Ilikuwa Novemba 15, 1970, siku ya dabi jijini Rotterdam. Sparta walikuwa nyumbani kwenye uwanja wao wa Het Kasteel, wakiwakaribisha watani wao Feyenoord. Treijtel, kipa wa Feyenoord, akaubutua mpira juu kwa nguvu.

Rotterdam ni mji wa bandari, na shakwe hawakosekani angani. Mmoja alikuwa anakatiza juu ya uwanja. Mpira ukamkuta huko huko hewani, akadondoka, kwisha habari yake.

Ndege huyo hakutupwa jalalani. Alikaushwa ili aonyeshwe kwa watu, na hapo ndipo ubishi ulipoanzia.

Feyenoord wanaye shakwe aliyekaushwa kwenye makumbusho yao, wanasema ndiye yule. Sparta nao wanaye wa kwao, nao wanasema ndiye yule. Aliyekufa ni mmoja.

KAZI YA FUNDI

Kinachofanya ubishi uwe mgumu ni namna kazi yenyewe inavyofanyika. Fundi hupasua ngozi kifuani au tumboni, akaivua yote pamoja na manyoya, kama mtu anavyovua shati. Nyama na utumbo vyote vinatoka.

Kwa ndege wa majini kama bata na shakwe, shughuli pevu ni mafuta yaliyojificha chini ya ngozi. Yakibaki, baada ya muda yanavuja na kuharibu manyoya. Kwa hiyo fundi anayakwangua kwa subira, anaiosha ngozi, anaikausha na kuipaka dawa kama boraksi ili isioze wala kuliwa na wadudu.

Kisha ngozi inavalishwa mwili wa bandia, uliotengenezwa kwa nyuzi za mbao au povu gumu. Nyaya zinapita miguuni na kwenye mabawa ili ndege asimame. Macho ni ya kioo.

Wawindaji wa Ulaya na Marekani hupeleka mabata maji na kwale wao kwa mafundi wa aina hii. Wao angalau ndege wao huwa na tundu la risasi. Mpira hautoboi. Na shakwe wa aina moja na umri mmoja, wakishakaushwa, nani atawatofautisha kwa macho?

Ushahidi unabaki kwa watu: nani alimwokota, nani alimpeleka kwa fundi na nani alimchukua kazi ilipokwisha. Bila kumbukumbu hiyo, kibandiko kilicho chini ya ndege ni maneno tu.

KIPA NA HISTORIA YAKE

Anayepunjwa zaidi hapa ni Treijtel mwenyewe. Mei 1970 Feyenoord waliichapa Celtic 2-1 jijini Milan na kuwa klabu ya kwanza ya Uholanzi kubeba Kombe la Ulaya. Siku hiyo kocha Ernst Happel alimweka kando Treijtel, golini akasimama mkongwe Eddy Pieters Graafland. Miezi sita baadaye likatokea la shakwe.

Jamaa hakuishia hapo. Mwaka 1974 alibeba Kombe la UEFA na Feyenoord mbele ya Tottenham, akawemo kwenye kikosi cha Uholanzi cha Kombe la Dunia. Mwaka 1981 akawa bingwa wa ligi na AZ.

Lakini mtaje popote, swali la kwanza ni la ndege. Makombe yake hakuna anayeyabishia. Wanachogombea watani ni shakwe aliyepita angani siku mbaya.