Kikundi cha Wanawake Husimama kwa Daftari Lake

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa wanawake wa Kata ya Bungu, Wilaya ya Kibiti, wanaolima korosho, ufuta na mihogo, fedha hizo ni mtaji. Hata hivyo, mwanamke huufikia mkopo huo kupitia kikundi kilichosajiliwa, na utaratibu huo una historia ndefu.

Sheria ya kwanza ya ushirika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932. Vyama vya mazao vilimwandikisha mwenye shamba, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamume. Mwanamke aliyepalilia na kuvuna hakuwa na jina katika daftari, hivyo hakuwa na kauli juu ya malipo.

Mwaka 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Bibi Titi Mohamed, aliyepata kuwa Mbunge wa Rufiji, wilaya iliyojumuisha Bungu kabla ya Kibiti kujitegemea. Umoja huo uliwahimiza wanawake kuanzisha miradi ya pamoja. Miaka ya 1990 ukafuata Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake, na mwaka 2018 utengaji wa asilimia 10 ukawekwa katika sheria.

Safari hiyo ilikuwa na misukosuko. Aprili 2023 Serikali ilisitisha mikopo ya halmashauri baada ya ukaguzi kubaini vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, kisha ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Walioumia ni pamoja na wanawake waliokuwa wakisubiri zamu yao, kwa kuwa marejesho ya kikundi kimoja ndiyo mtaji wa kinachofuata.

Kwa sababu hiyo, kikundi kinapaswa kuwa na katiba, akaunti ya benki na daftari la mahesabu ambalo kila mwanachama anaweza kulikagua. Wanaotaka kusajili kikundi wamwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao. Mwanamke ambaye jina lake limo katika daftari hilo ana sauti katika maamuzi, na pia ana wajibu wa kulipa.