Ngome ya Lamu: Jela iliyogeuka ukumbi wa wenyeji

Kwa zaidi ya miaka 70, wengi waliopita katika lango la Ngome ya Lamu walikuwa wafungwa na askari waliowalinda. Serikali ya kikoloni iliigeuza kuwa jela mwaka wa 1910, na Kenya huru ikaendelea kuitumia hivyo hadi 1984, ilipokabidhiwa Makavazi ya Kitaifa. Tangu hapo imekuwa na maonyesho, maktaba, na ua ambamo wenyeji hufanya mikutano na sherehe.

Mageuzi si mageni kwa jengo hilo. Lilianza kujengwa yapata 1813, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa huko Shela na kutafuta himaya ya Oman. Lilikamilika 1821 likiwa kambi ya askari.

Kuna sababu ya kiufundi ya kutoliacha jengo kama hili tupu. Majengo ya kale ya mwambao yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, hivyo vyumba ni vyembamba. Vyafaa rafu za vitabu kuliko umati. Chokaa huruhusu unyevu kutoka ukutani. Anayepaka saruji huufungia ndani, na chumvi ikala jiwe polepole. Paa likivuja pasipo mtu wa kuona, boriti huoza kimya kimya.

Hata hivyo, matumizi mapya pekee hayatoshi. Kule Unguja, Beit al-Ajaib, kasri la 1883 lililokuwa limegeuzwa makumbusho, liliporomoka kwa sehemu mnamo Desemba 25, 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki.

Lamu kwenyewe, mji uliotambuliwa na UNESCO mwaka wa 2001 kuwa turathi ya dunia, nyumba nyingi za mawe zimenunuliwa na wageni na kufanywa makao ya watalii. Kuta zimenusurika, naam, lakini jirani aliyezaliwa mtaa uo huo haingii ila awe na kazi humo. Ngome ni ya umma. Nje ya lango lake upo uwanja wa Mkunguni, ambako wazee hubarizi chini ya miti.